Mume wangu alifika China kabla jua halijazama

Admin, nifichie jina, maana Tunduma wambea ni wengi. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Isansa, nina watoto wawili na duka la vyombo hapa mjini.

Wiki hii mume wangu aliaga anakwenda Guangzhou, China, kufuata mzigo. Hajawahi kupanda ndege. Nikamnunulia sweta zito la bluu, mama yangu kule Isansa akafunga na kuomba ndege isianguke. Asubuhi akanikataza kumsindikiza uwanjani Songwe. "Utalia bure mbele za watu," akasema.

Jioni hiyo hiyo simu ikaita. "Mama Neema, nimefika China salama!" Nikapiga vigelegele. Dukani alikuwepo Mama Rehema, muuza vitenge ambaye China kwake ni safari ya kila mwaka. Akaninong'oneza, "Muulize huko saa ngapi." Nikauliza. Mume wangu akajibu haraka, "Huku bado saa kumi na moja. Ninyi mko mbele yetu kwa saa moja."

Alipokata simu nikamweleza Mama Rehema, akashika kiuno. "Weee! Kutoka Dar mpaka Dubai tu ni karibu saa sita angani. Unasubiri weee, halafu unapanda nyingine, saa saba, nane. Mimi hufika kesho yake, miguu imevimba! Na China wako mbele yetu, saa hizi wamelala. Walio nyuma yetu kwa saa moja ni hawa hapa." Akanyoosha kidole ng'ambo ya boda, Nakonde, Zambia.

Huku hata mtoto mdogo anajua kuna saa ya Tanzania na saa ya Zambia, na mjinga wangu amesoma saa ya ukutani akaniambia ni ya China!

Kesho yake nikavuka kwa miguu. Bodaboda wa kwanza niliyemwonyesha picha akacheka: "Huyu si Bashi Mutale?" Yaani Baba Mutale. Akanipeleka mpaka kwenye ua. Mume wangu kakaa na pensi, anakula nshima, ugali wao, kwa samaki, mafuta yanamchuruzika mpaka kiwikoni, mwanamke anamtolea miiba na kumlisha kama kinda. Na huyo mwanamke kavaa sweta langu. Jamani! Nilitapika mtaroni, nikageuka hawajaniona.

Jioni akapiga tena. "Huku baridi kali mke wangu, bila lile sweta ningekufa." Ptu! Akataka kuongea na watoto. Akawasimulia mawingu yalivyo chini ya ndege, na chakula cha angani. Neema wangu ameshatangaza darasa zima.

Sasa anasema Jumamosi anatua Songwe, niwapeleke watoto wampokee. Neema ameshapiga pasi gauni, mama anakuja na jogoo la shukrani. Na mimi hata shati lake siligusi, naliondoa kambani kwa kijiti.

Ndugu zangu, nishaurini. Niende Songwe nikamshangilie mtu aliyeshuka kwenye bodaboda, au niwashike watoto mikono, na bibi yao na jogoo lake, tuvuke boda tukampokee hukohuko China yake?