Baba Yake Bibi Kwenye Orodha ya Meli

Mwezi wa sita nilirudi Sumbawanga baada ya miaka mingi, na baridi ya mtaa wetu wa Malangali ilinikuta sina sweta. Nilishuka mtaani kutafuta nyumba mbili zilizokuwa zikitazamana, ya bibi yangu na ya jirani yake. Hazipo. Kwa bibi pamejengwa ghala la mahindi, kwa jirani pana duka la mabati. Kijana wa dukani aliniamkia, "Shikamoo mama. Unamtafuta nani?" Nikamtajia ukoo wa jirani tu, sababu sikumwambia.

Wewe nitakueleza.

Nililelewa na bibi mzaa mama. Asubuhi tulikunywa uji wa ulezi, mchana ugali wa ulezi na maharage, na katikati yake kulikuwa na kuni, kufagia na maji. Njia fupi ya kwenda kisimani ilipita uani kwa jirani, lakini mimi nilizunguka njia ndefu na ndoo yangu kichwani, upepo ukinimwagia maji shingoni.

"Pale hatupiti," bibi alikuwa akisema. "Baba yake alimuua baba yangu."

Baba yake bibi na baba yake jirani walikuwa wafanyabiashara wa ngozi. Walinunua ngozi za fisi maji na za chui kwa wawindaji wa Ufipa, wakazishusha kwa miguu hadi bandari ya Kasanga, kisha wakapanda meli kwenda kuziuza Kigoma. Safari ya mwisho walikwenda wawili, akarudi mmoja. Huyo aliyerudi alisema mwenzake amebaki Kigoma kwa hiari yake. Hakuna aliyemwamini. Ukoo wetu ulisema amemuua kwa ajili ya ngozi na kumtupa ziwani.

Maneno hayo tuliyarithi. Mama yangu mdogo alikatazwa kuolewa na kijana wa nyumba ile. Akaondoka kwenda Mbeya na hasira zake, wala hakurudi hata Krismasi. Na mimi nilisoma darasa moja na mjukuu wa jirani. Wakati wa mapumziko nilimwita mtoto wa muuaji mbele ya wenzetu. Alikuwa anakwenda kukaa upande wa pili wa uwanja, peke yake.

Basi ikaja miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sokoni mitumba ilimwagwa chini kama mazao, maduka ya ushirika yakafungwa milango, na majengo ya umma yakapata wenyewe wapya. Huko Kasanga ofisi moja ya zamani ya meli ilinunuliwa na mfanyabiashara, makaratasi yake yakatolewa nje, yakapanda mjini kwenye malori ya dagaa. Tukaanza kuyaona sokoni, yamefungiwa karanga.

Siku moja nilikuwa natafuna karanga, bibi anapepeta ulezi, nikaanza kusoma karatasi ile kwa sauti ili aone Kiingereza changu. Jina la mtu, kijiji chake, kazi yake, alikopandia, alikokwenda. Ungo ukasimama.

"Hao ni akina nani?"

"Abiria wa meli, bibi. Wa zamani."

Kesho yake alikwenda kwa muuza karanga na debe la maharage, akarudi na furushi zima kichwani. Bibi hakujua kusoma, ila alijua anachotaka: mahali palipoandikwa kwamba yule mtu alirudi peke yake. Alitaka maandishi ya ofisi yamseme, na siku moja ayapeleke mbele ya watu.

Tulisoma mchana baada ya mchana, kando ya jiko. Karatasi zilinuka dagaa. Nyingine zilikuwa zimeliwa na mchwa. Siku ya tano au ya sita nililiona jina la baba yake bibi likifuatwa na la babu yake bibi, kijiji chao, na kwenye safu ya kazi, biashara ya ngozi. Nikaruka kwa furaha, kisha nikasoma mstari wote. Alipandia Kigoma. Alisafiri na mke na mtoto mmoja. Anakwenda Mpulungu, ng'ambo ya mpaka.

"Soma tena," bibi alisema.

Nikasoma tena. Akafungua sanduku, akanipa cheti cha ubatizo cha mdogo wake, aliyezaliwa wiki ileile mtu yule aliporudi peke yake. Nikalinganisha tarehe yake na ile ya juu ya karatasi. Safari ya Mpulungu ilikuwa mwaka mzima baadaye.

Bibi alikirudisha cheti sandukuni. Halafu akasema, kama anayezungumza na jiko, "Meli za Mpulungu zote zilisimama Kasanga. Aliiona milima yetu. Hakushuka."

Mchana uleule alijifunga kitenge chake kizuri, akanishika mkono, tukavuka barabara. Alipiga hodi mahali ambapo hakuwahi kupiga. Jirani alitoka na mikono yenye unga, akatutazama kwanza miguu. Bibi akaniambia nisome. Nikasoma mstari wote.

"Nimekosea, dada," bibi alisema. "Sisi wote tumekosea."

Jirani aliichukua karatasi, akaifuta unga aliouacha yeye mwenyewe. "Mama yangu alizikwa na watu sita," alisema. "Wengine waliogopa kuonekana kwetu. Karatasi hii itabaki kwangu. Hilo neno lako nimelisikia."

Walianza kusalimiana barabarani, basi, mpaka bibi alipofariki. Mama mdogo niliambiwa na bibi nimwandikie barua. Niliiandika jinsi bibi alivyotamka, na haikujibiwa. Furushi lililobaki tulilitumia kuwashia moto jikoni, majina ya baba za watu wengine, wala hatukufikiria.

Siku hizi ukitaja ngozi za chui watu wanafikiria polisi. Nyumba ya jirani iliuzwa, wakahamia mtaa wa Kizwite, kisha hakuna anayejua wapi. Niliuliza hata kwa kijana wa mabati, hakuwahi kuwasikia. Niliyekuwa namtafuta ni yule mjukuu. Baada ya siku ile ya karatasi tuliendelea kukaa darasa moja mwaka mzima, madawati mawili tu kati yetu, na mimi nikijua. Nilikuwa na mwaka mzima. Sikumwambia kitu.