Trei Kumi na Kichwa Kimoja

Kichwa cha Trei kilianza kuuma saa tano na nusu asubuhi, mahali palepale, kwenye mteremko baada ya shule ya bweni, na katika miezi minne hakikuwahi kuchelewa hata siku moja. Laiti watu wa nyumba ile wangekuwa na bidii kama ya kichwa hicho, wangekuwa matajiri.

Trei lilikuwa jina la kupachikwa. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili, mwanamke huyu alipanga trei kumi za mayai kwenye keria ya baiskeli, akazikaza kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, akauzunguka mji: kwanza duka la keki, kisha duka la jumla, kisha jiko la shule, na mwisho mkahawa. Mayai mia tatu. Katika miaka miwili alikuwa amevunja kumi na moja, na mama mkwe wake aliyakumbuka yote, kila moja na tarehe yake.

Kuku walikuwa wa mama mkwe. Baiskeli ilikuwa ya mume, dereva wa malori ya masafa marefu aliyekuja nyumbani mara mbili kwa mwaka, na ambaye katika kila ugomvi alitoa hukumu ileile kwa simu: "Mtaelewana tu." Cha Trei mwenyewe kilikuwa miguu. Kabla ya kupewa ule mzunguko alikaa mwaka mzima bandani akizoa kinyesi cha kuku, mama mkwe amesimama nyuma yake akimwonyesha alipobakiza. Juu ya baiskeli, hata kwenye mlima, hakuna aliyemwonyesha kitu.

Tatizo ni kwamba saa saba alirudi, akaegemeza baiskeli ukutani, akalala na kitambaa cha maji usoni. Jumatatu moja mama mkwe alikuja akasimama mlangoni.

"Umekufa?"

"Bado, mama."

"Basi ukifa useme, tujipange. Kuku hawalishwi na maiti."

Nyuma yake alisimama Meneja, mdogo wa mume. Aliitwa hivyo kwa sababu miaka sita iliyopita aliitwa kwenye usaili wa kazi ya umeneja, na tangu siku hiyo alikuwa akisubiri jibu, amevaa tai.

"Shemeji," akasema Meneja, "baiskeli haitaki vichwa vyepesi."

"Ndiyo maana umeikwepa miaka sita."

"Nyamazeni!" Mama mkwe akainua kidole. "Mimi nina mtoto hana kazi na nina mkwe hana kichwa. Jumamosi ya wiki ijayo mkahawa una kikao cha watu sitini, wameagiza mara mbili ya siku zote. Ukirudi siku hiyo na hicho kitambaa usoni, baiskeli ni ya mwanangu. Yeye barabarani, wewe bandani. Sepetu lako lipo, sikuligawa."

Penye wazee haliharibiki neno. Kinachoharibika ni kichwa. Kila mtu alikuwa na dawa, na kila dawa ilikuwa na lawama ndani yake. Mama mkwe alisema ni upepo unaoingilia masikioni, hasa kwa wanawake wanaoona raha kupigwa na upepo. Trei akajifunga kitambaa kizito, akavaa kofia ngumu juu yake, akaikaza. Siku hiyo kichwa kilianza saa nne na nusu. Ilikuwa mara ya kwanza kuwahi.

Muuza dawa alimpa vidonge, kama alivyompa wiki iliyotangulia na wiki iliyoitangulia hiyo. Trei alikuwa akivitafuna kama karanga.

Fundi baiskeli hakumtazama yeye kabisa. Alitazama baiskeli, akacheka peke yake.

"Huu usukani nani kauweka huku chini?"

"Mume wangu."

"Mumeo mikono yake inafika magotini? Wewe unaendesha umeinama kama umeangusha shilingi, halafu unainua shingo uone mbele. Shingo si mpira, mama."

Akaupandisha usukani vidole vinne, akalegeza na mkanda wa kofia. Kesho yake maumivu ya shingo, ambayo Trei alidhani ni sehemu ya kazi, yalitoweka. Kichwa kikabaki. Aliporudi kumweleza, fundi alichukia kama aliyetukanwa.

"Basi hicho si kichwa cha baiskeli. Hicho umetoka nacho kwenu."

Jumatano ya wiki ya kikao alikwenda zahanati, na Meneja akapewa mzunguko kwa siku moja, ajaribu kiti. Tabibu alikuwa mtu mwembamba aliyeuliza maswali akiwa ameinamia daftari, kana kwamba mgonjwa alikuwa humo. Alimpima presha, akammulika macho.

"Umewahi kuanguka ukagonga kichwa?"

"Hapana."

"Unatapika? Unaona giza? Maumivu yanakuja ghafla, makali kuliko yote uliyowahi kupata?"

"Hapana. Yanakuja polepole, kama mgeni anayejua njia."

"Yakija hayo mengine usikae foleni, ingia. Vidonge?"

"Kila siku."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tisa hii."

"Acha. Vikizoeleka, navyo vinaleta kichwa. Maji unakunywa?"

"Ya kutosha."

"Saa ngapi?"

"Jioni."

Tabibu akainua uso kwa mara ya kwanza. "Nakuuliza tangu unapotoka hadi unaporudi."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na Trei aliona mama mkwe anatosha kwa kazi ya kuumbua.

"Sinywi," akasema. "Hata chai ya asubuhi siigusi."

"Saa sita nzima juani, milima, na mzigo nyuma, bila tone? Kwa nini?"

"Wewe daktari, ukishikwa na haja unakwenda wapi?"

Tabibu akaonyesha mlango mdogo nyuma yake.

"Mimi huo mlango sina," akasema Trei. "Duka la keki, choo kinatengenezwa, mwezi wa nne huu. Duka la jumla hawana. Shuleni mlinzi ananiambia hakuna mgeni kupita geti la pili. Mkahawani kipo, kizuri, na ufunguo unaning'inia nyuma ya kaunta. Chini yake wameandika: CHOO NI CHA WATEJA TU."

"Si unawapelekea mayai?"

"Ndiyo maana si mteja. Mimi nauza, sinunui. Nilishanunua chai siku moja ili niwe mteja. Mwenye mkahawa akaniambia chai ya kusimama haihesabiki."

Chuoni hawakumfundisha tabibu jambo hilo. Alifikiri, kisha akaandika kwenye karatasi: *Ale kabla ya kutoka. Maji, kidogokidogo, tangu asubuhi.* Chini yake akaandika: *Choo*, akalipigia mstari.

"Hiyo ya mwisho," akasema, "stoo yetu haina."

Nyumbani alimkuta Meneja amekaa kibarazani, tai ameilegeza, miguu ameinyoosha kama aliyekomboa nchi.

"Sikuumwa hata ukucha, shemeji."

"Ulikunywa maji?"

"Maji duka la keki, soda duka la jumla, maji tena shuleni."

"Na haja?"

"Mimi mwanamume, bwana! Mji mzima una kuta. Kuna ule umeandikwa kwa rangi nyekundu USIKOJOE HAPA. Nimeanzia kwenye herufi ya kwanza."

"Mnaona?" akasema mama mkwe. "Hicho ndicho kichwa cha kazi."

Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za Meneja zilikuwa zimenyolewa, lakini siku hiyo alimfaa mtu bila kujua. Baiskeli ileile, njia ileile, jua lilelile. Tofauti ilikuwa kuta. Meneja pia alivunja mayai ishirini, ila mama mkwe, mwenye kumbukumbu ya ajabu, hakuishika tarehe ya siku hiyo.

Alhamisi Trei alikula mkate, akanywa nusu chupa ya maji njiani. Kichwa hakikuuma. Lakini kutoka mkahawani, aliponyimwa ufunguo kama kawaida, hadi nyumbani, aliendesha kwa mwendo ambao wapita njia waliuzungumza hadi jioni, akamwachia Meneja baiskeli mkononi na kupotelea uani. Ijumaa aliogopa, hakunywa. Saa tano na nusu, kwenye mteremko, mgeni akabisha hodi.

Jumamosi alifunga trei kumi na nne na chupa ya lita mbili. Alikunywa kwenye duka la keki, akanywa kwenye duka la jumla, akamalizia tone la mwisho mbele ya mlinzi wa shule, akimtazama machoni. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ukiyanywa, huna budi kuyapeleka mahali.

Alipofika mkahawani, wageni wa kikao walikuwa wameanza kukaa. Aliegemeza baiskeli nje, trei zikiwa zimefungwa, akaingia mikono mitupu. Mwenye mkahawa, ambaye watu wote walimwita Bosi, yeye mwenyewe akiwemo, alikuwa nyuma ya kaunta.

"Mayai yako wapi? Mpishi ananipigia kelele."

"Yapo nje. Ufunguo."

"Ufunguo gani?"

"Huo wa mgongoni mwako."

"Hujui kusoma? Wateja tu."

"Najua. Na mayai yangu ni ya wenye ufunguo tu."

Meza ya karibu wakacheka. Bosi akavimba shingo.

"Wewe Trei, unanitisha mimi kwa mayai?"

"Sikutishi, Bosi. Nakupa tangazo, kama ulivyonipa. Ukitaka kalamu, nami nitaliandika ukutani."

"Nitanunua kwingine!"

"Nunua. Mengine ya karibu yako bandani kwa mama mkwe wangu. Nenda ukamwombe mwenyewe, mzoeane."

Mama mkwe alijulikana. Mara ya mwisho Bosi kubishana naye juu ya yai lililooza, alitukanwa kuanzia babu yake, na mama mkwe alikuwa bado hajafika kwa baba pale waamuzi walipoingilia.

"Bosi!" mpishi akaita kutoka jikoni. "Mafuta yanaungua! Sitini, Bosi!"

"Ngoja!"

"Mafuta hayangoji!"

Watu wote waliamini kwamba mwenye haraka pale ni Bosi. Ukweli ni kwamba kati ya wawili hao aliyekuwa na muda mfupi zaidi alikuwa Trei. Alisimama wima, mguu mmoja umepishana na mwingine, jasho limemtoka puani, akihesabu vigae vya sakafu kimoyomoyo. Alikuwa amefika thelathini na tatu pale Bosi alipouvuta ufunguo kutoka msumarini na kuutupa juu ya kaunta. Ulikuwa umefungwa kwenye kipande cha mbao kirefu kama mwiko, ili mteja asiusahau mfukoni.

"Leo tu! Na maji umwage mwenyewe!"

Choo kilikuwa na vigae vyeupe, sabuni na kioo. Trei hakuharakisha. Alinawa mikono, akanawa uso, akarekebisha kitambaa. Kisha akatoka nje, akafungua trei moja baada ya nyingine, akazipeleka jikoni kwa mlango wa nyuma, hakuvunja hata yai moja. Saa tano na nusu ilikuwa imepita zamani, na hakuna aliyebisha hodi.

Nyumbani walikuwa wanamngoja. Meneja alikuwa ameingiza suruali ndani ya soksi na ameshika pampu. Mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Kichwa?"

"Kipo."

"Kinauma?"

"Hapana, mama."

Mama mkwe akamkaribia, akamshika kidevu, akamgeuza kuelekea juani, akamtazama jicho moja, akamtazama la pili, kama anavyokagua yai kwenye mwanga. Hakuona kitu cha kukataa.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi kama una nguvu kiasi hicho," akasema kwa uchungu, "kuanzia Jumatatu utabeba trei kumi na mbili."

Meneja akaweka pampu chini. Akatoa suruali kwenye soksi, mguu mmoja baada ya mwingine, akakaza tai.

Mama mkwe alikuwa anageuka kuingia ndani alipoona kitu kinaning'inia kwenye usukani.

"Na hicho kipande cha mbao?"

"Dawa, mama."

"Ya kunywa au ya kupaka?"

"Ya kufungulia."

Wakati huohuo, mkahawani, watu sitini walikuwa wamemaliza mayai na birika za chai, na wa kwanza wao, mzee mnene mwenye haraka, alikuwa ameshafika kaunta.