Nimemnyima baba wa bosi neno la siri

Leo nimemnyima mzee mzima neno la siri la Wi-Fi, mbele ya watu.

Niko kwenye majaribio ya kazi hapa Madungu. Ofisini kwetu mgeni hupewa kahawa na neno la siri. Shida ni kwamba mtandao huohuo unafika kwenye kompyuta tuliyoigawa kuwa seva nne, zinazotunza kazi zetu zote. Asubuhi bosi wangu, Bi Zuhura, akaniambia nilibadilishe neno hilo, nisimpe mtu.

Akaingia baba yake.

"Mwanangu, wan'nyima mtandao? Basi na kahawa n'nyime!"

Watu wakacheka. Nikainamisha macho, nikajua kazi imekwenda.

Bi Zuhura akatokeza. "Baba, hata mimi hajanipa."

Sasa wageni wana mtandao wao, haugusi seva. Mzee kauingia wa kwanza.

Ingekuwa nyie, mngemnyima?