Mama Makochi Aketi Kwenye Kiti cha Wakuu

Mtaani walimwita Mama Makochi, kwa kuwa alinunua makochi yaliyochoka, akayavua vitambaa, akayavika vingine, akayarudisha duniani yakiwa na sura ya bibi harusi. Alianza na stuli ya kuokota. Sasa alikuwa na duka la milango miwili, na dharau ya kutosha kujaza mlango wa tatu.

Dharau hiyo alipanda nayo ngazi za nyumba ya makumbusho Jumamosi asubuhi. Viongozi wakuu wa taifa waliwahi kuishi humo, mmoja baada ya mwingine, na sasa kila chumba kilikuwa na kamba nyekundu ya kuwazuia wageni. Mama Makochi hakuja kwa ajili yao. Alikuja kumkagua kijana aliyeleta posa kwa binti yake wa pekee, na posa hiyo ilikuwa bado haijajibiwa. Kijana alikuwa mwongoza wageni humo.

"Mwone kwanza akiwa kazini, mama," binti alikuwa amembembeleza. "Utampenda mwenyewe."

"Kukiona kitu kikitumika, hilo sikatai," mama alijibu.

Kijana alivaa suti nyeusi na kuongea kwa sauti ya mtu aliyemlaza mtoto sasa hivi. Kabla hawajamaliza chumba cha kwanza, Mama Makochi alikwisha kumbatiza moyoni: Bwana Maelezo.

"Kwenye dirisha hili," alisema Bwana Maelezo, "Mheshimiwa alikuwa akisimama kila alfajiri, akiwaza hatima ya nchi."

"Nani alimwona?" Mama Makochi akauliza.

"Samahani, mama?"

"Hiyo alfajiri. Nani alikuwa macho akajua anawaza nchi, si kwamba anatafuta upepo?"

Wageni wakacheka, kisha wakajikohoza. Binti akamfinya mama yake mkono.

Wakapita. Kandambili za marehemu ndani ya sanduku la kioo. Bafu ambalo lilielezewa kirefu kuliko vita vya uhuru. Ukuta mzima wa picha za waheshimiwa wakikata utepe. Mikasi ilikuwa mingi hata ungedhani ni nyumba ya mafundi cherehani. Na mbele ya kila kitu watu wazima waliinamisha vichwa, kana kwamba aliyekufa ni lile bafu. Mama Makochi alimeza mengi, kwa ajili ya mtoto.

Ofisini ndipo palipomshinda. Nyuma ya meza kubwa kulikuwa na kiti cha ngozi chenye mgongo mrefu, ambacho wakuu wote walikikalia kwa zamu. Sasa, katika biashara yake kuna sheria moja: kiti hakijulikani kwa macho, kiti hujulikana kwa kukaliwa. Hakukusudia ubishi. Mkono ulifungua kamba, makalio yakafuata, akili ikafika mwisho. Kiti kikatoa mlio wa mbuzi.

"Springi zimekufa," akatangaza, kwa sauti ya dukani.

Bwana Maelezo akapauka. "Mama, inuka. Nakuomba, mama."

"Tulia, mwanangu. Sijakivunja mimi. Nimekikuta hivi."

Mlangoni akatokea msimamizi wa nyumba, uso umemvimba. "Nani kamruhusu huyu? Ni mtu wako?"

Mama Makochi akamtazama kijana. Kumbe hapa ndipo atakapojulikana. Yeye mwenyewe angekemewa, asingeudhika; kakosea, kakosea. Kijana angesema tu, "Ni mama mkwe wangu mtarajiwa, amepitiwa, namwinua," thamani yake ingepanda palepale.

Bwana Maelezo alimtazama msimamizi, akairekebisha tai yake.

"Hapana, bosi. Simjui. Watu wa sokoni hawa, wakikata tikiti wanadhani wamenunua nyumba."

Binti alikuwa pale pale, ameshika mkoba wa mama yake.

Mama Makochi akainuka, akaifunga kamba vizuri, akamwomba msimamizi radhi. Macho yake hayakumrudia kijana tena. Mfanyabiashara hakodolei bidhaa aliyokwisha kuikataa. Kilichomtia hofu sasa ni binti: mapenzi yamewahi kununua vibovu kuliko hivi, tena bila kuomba punguzo.

Bwana Maelezo aliwakuta getini, anahema. "Mama, nielewe. Kazi ni kazi. Yule mzee ana maneno."

"Nimekuelewa, baba. Nimekuelewa sana."

Kijana akamgeukia binti. "Mpenzi, mwambie mama. Ningefanya nini?"

Mama Makochi alikuwa na jibu ulimini, la moto. Akaliuma. Posa haikuwa yake.

"Umesema humjui," binti akasema. "Sasa ulipokuja kwetu kuposa, uliyekuwa ukimwita mama ni nani?"

"Yalikuwa maneno tu pale."

"Na kwetu?"

Kijana akairekebisha tai yake tena.

"Rudi ndani," binti akasema. "Jibu la posa umeshalipata."

Wakashika njia. Baada ya kona binti akasema, "Usiseme kitu, mama."

"Sijasema."

"Lakini unataka."

"Nataka kusema miguu inaniuma."

Binti akacheka kwa pua, kisha kicheko kikageuka kilio, katikati ya njia, watu wakipita. Mama Makochi hakujua kubembeleza. Alisimama tu kando yake, mikono kiunoni, akiwatolea macho waliosimama kutazama, mmoja mmoja, mpaka wakaona haya wakaenda zao.