Futi Tano Kutoka Puani

Mama alikuja Dodoma kutoka Mvumi kwa jambo moja tu: apigwe picha ya kuwekwa mbele ya jeneza lake. Si kwamba alikuwa mgonjwa. Mwezi uliotangulia tulikuwa tumemzika mdogo wake, na picha iliyobebwa makaburini ilikuwa ya kadi ya kupigia kura, imekuzwa mpaka marehemu akaonekana kama mtu aliyekamatwa na polisi. Mama alikerwa kweli. "Mimi msinifanyie hivyo," alisema. Picha ya simu hakuitaka. Alitaka kamera ya marehemu baba, ile iliyotulisha miaka yote alipokuwa akipiga watu picha minadani.

Kamera hiyo ninayo mimi. Filamu nilitafutiwa Dar es Salaam, ikaja imeshapitwa na wakati, na sehemu kubwa nilikuwa nimeimaliza kwa majaribio yaliyotoka na ukungu. Tatizo lilikuwa kidirisha cha kupimia umbali. Ukichungulia unaona kitu kimoja mara mbili. Unazungusha lenzi mpaka hivyo viwili vilaliane, ndipo umbali umekaa sawa. Vya kwangu vililaliana mahali pasipo pake.

Gari la Mvumi lingeondoka saa tisa. Tangu saa nne mama alikuwa ameketi uani, kitenge kipya, kilemba kimefungwa, mikono mapajani. Nami nilikuwa na bisibisi ndogo ya fundi saa, situlii. Nilifungua kifuniko, nikaipata skrubu ya ndani, nikaulenga mnara wa simu ulio juu ya kilima, kwa kuwa kidirisha hurekebishwa kwa kutazama kitu cha mbali. Mtu mwenye akili angefanya kazi hiyo alfajiri. Ikifika saa sita huku kwetu nchi nzima hutetemeka kwa joto, na siku ile vumbi lilikuwa limetanda, kwa hiyo mnara ulicheza wenyewe. Nikikaza, unahamia kushoto. Nikilegeza, kulia. Nikageukia mlango wa jiko, ukakaa vizuri; nikarudi mnarani, kumeharibika. Nilizunguka ua, nikanywa maji bila kiu, nikamfokea kuku. Mke wangu ananijua. Alikuwa ameshajiingilia ndani kwenye cherehani yake.

"Hicho kidirisha unakihangaikia cha nini, mwanangu?" mama akauliza hatimaye. "Baba yako hakukitumia hata siku moja. Aliinunua kikiwa kibovu."

"Sasa alikuwa anapimaje?"

"Kwa kamba ya katani, futi tano. Yeye anashika upande wa kamera, mimi naweka ncha kwenye pua ya mteja. Nikishatoka, anapiga. Hapo kwenye lenzi hakuna tano?"

Ilikuwepo. Nusu siku nzima nimepigana na skrubu, na yeye amekaa pale ananitazama kwa adabu! Nilikwenda kuchukua futikamba ya mke wangu, ambayo urefu wake ni futi tano kamili. Nikaiweka lenzi kwenye tano, nikabana mwanzo wa futikamba kwenye kamera. Mama akaivuta ncha ya pili, akaigusisha puani pake mara moja, bila kupapasa.

Ndipo nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Ukutani sebuleni kwake zimejaa picha alizopiga baba: wafugaji, maharusi, watoto wa kipaimara, sisi wanawe wote. Yake hakuna.

"Mama, kumbe ungeweza kujishikia mwenyewe. Mbona baba hakukupiga hata moja?"

Alijibu ncha bado iko puani.

"Nani aliwahi kuniambia nikae?"

Nilimkasirikia baba, aliye kaburini, hasira ambayo sikujua niipeleke wapi.

"Kaa, mama," nikasema, na ikatoka kwa ukali kana kwamba namgombeza yeye.

Akanyoosha mgongo, akaiachia futikamba, akanitazama. Nikapiga.