Kidonge Kilichonikausha Machozi Msibani

Nitukaneni mkimaliza kusoma, lakini leo dawa ya mzio imeniumbua mbele ya ukoo mzima.

Mama mkwe amefariki. Tuko kwake Muleba, na sebule imetandikwa nyasi kavu, kama desturi.

Mimi na nyasi kavu ni maadui: chafya, kamasi, machozi. Tangawizi nimekunywa, nimejifukiza hadi uso ukababuka, mwisho daktari akaniandikia vidonge.

Marehemu alikuwa akisema najidai. "Huyu wa Miembeni mjini anaumwa uvivu."

Leo vidonge nimevisahau nyumbani. Nilipokaa tu chini, machozi yakaanza kutiririka.

Wamama wakanikumbatia. "Mkwe huyu alimpenda kweli!"

Nikajifuta kwa kanga, nikawaacha waamini hivyo.

Wifi yangu ana duka la dawa, na ndiye huniuzia vile vidonge. Akafungua mkoba, akanipa kimoja na maji, akasema kwa sauti ya kufika jikoni:

"Meza, wifi. Halafu tukuone unavyomlilia mama yetu."

Nikameza.

Jamani, dawa ile inafanya kazi! Baada ya muda macho yakawa makavu kabisa. Nikamfikiria marehemu kwa nguvu zote, nikakumbuka alivyoniita mvivu tu. Hata tone.

Wote wananitazama.

Ndipo shangazi wa mume wangu akajivuta hadi nilipo, akaniwekea fungu la nyasi mapajani, akaninong'oneza:

"Waitu, mwanangu, wageni wa Kemondo wanashuka kwenye gari. Nusa."

Nikanusa hadi kidonge kikasalimu amri.

Nimelia kumshinda wifi.