Kasuku aliyeletwa Marangu "amliwaze Mama", na siku Mama alipomkatia sale

Wakuu, heshima zenu popote mlipo. Niko Moshi, mvua inanyesha, umeme umekatika na cherehani imelala. Nikaona leo nilitoe hili, maana limenikaa kooni muda mrefu.

Ninachosimulia kimetokea nyumbani kwetu Marangu, kwa Mama yangu mzazi. Chumvi sijaongeza, iliyokuwepo inatosha. Majina tu nimebadili, kwa sababu kaka yangu naye hupita humu jukwaani, na akijitambua atanipigia kabla sijamaliza kuandika.

Twende taratibu.

Mnatujua Wachagga na Desemba. Utani wenu tumeuzoea, kwamba tunapanda migombani kwenda kuhesabiwa. Sawa, tunahesabiwa. Krismasi ya mwaka juzi kaka yangu Eliya, anayeishi Dar, alipanda na gari, mke, watoto wawili na kasuku.

Ndiyo, kasuku. Yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Tundu lake lilikuwa siti ya nyuma, limefungwa mkanda kama abiria aliyelipa nauli. Watoto walimpa jina Tajiri.

Chanzo chake ni hiki, na nilikuja kukijua baadaye kutoka kwa wifi yangu. Binti yao aliona klipu ya kasuku anacheza muziki, akalia anataka wa kwake. Siku yake ya kuzaliwa ilipofika Eliya akamnunulia. Hakuuliza ndege anakula nini. Hakuuliza anaishi muda gani. Aisee, hawa ndege wakitunzwa vizuri wanaweza kumzika aliyewanunua, na kaka yangu alimnunua kama mtu anayenunua mpira.

Mwanzoni ikawa picha na video kila siku. Halafu wakagundua kasuku anapiga kelele asubuhi. Anachafua. Anang'ata. Akahamishiwa barazani, kutoka barazani akahamishiwa stoo.

Aliyebaki kukaa naye alikuwa Neema, dada wa kazi. Ndiye aliyekuwa akimlisha na kupiga naye soga akipiga pasi. Neema akapata mchumba, akaaga, akaenda zake kuolewa. Wifi anasema baada ya hapo ndege akaanza kujinyonyoa manyoya.

Hakuna aliyejiuliza kwa nini. Walichojiuliza ni wampeleke wapi.

Basi Krismasi ile, tumetoka kanisani, ukoo wote uko uani, ndizi nyama ziko jikoni, na Tajiri yuko barazani kwenye tundu lake. Kila anayepita anamchokoa na kijiti. "Sema shikamoo! Sema bwana!" Binamu yangu mmoja akamwekea mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kifuniko cha chupa, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Siyo kwamba nilijua lolote kuhusu kasuku. Sikupenda tu vile alivyokuwa amejibana kwenye kona.

Na kitu alichokuwa anasema kilikuwa kimoja tu. "Neema! Neema, njoo!" Kwa sauti ya wifi yangu kabisa. Anaita, ananyamaza kama anasubiri, anaita tena.

Siku ya kuondoka, Eliya akasimama mbele ya Mama na uso wa huruma.

"Mama, tumefikiria sana. Baba hayupo, sisi tuko mbali. Nakuachia Tajiri akuliwaze."

Mama akapokea kwa mikono miwili. "Ahsante, baba. Mungu akuzidishie."

Kwetu mama harudishi zawadi ya mwanawe, hata akiletewa jiwe. Nikamtazama wifi. Wifi akageuka kuangalia mlima, na siku hiyo mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu hauonekani hata kidogo.

Sasa wakuu, hapa naomba mnielewe vizuri. Mama yangu si mtu wa kutesa mnyama. Ng'ombe wake analala palepale nyumbani, anakatiwa majani, anapelekewa maji, anaulizwa hali kabla ya watoto. Kwa Mama, mfugo unaopendwa unakaa ndani na unaletewa kila kitu.

Ndivyo alivyomfanyia Tajiri. Baridi ya Marangu mnaisikia, ya mwezi wa saba ndiyo usiseme. Akamweka jikoni karibu na moto, moshi wote wa kuni unapita hapo. Tundu akalifunika kanga ili ndege asipate baridi. Chakula akampa ndizi za kuchemsha na mtori uliobaki. Mapenzi yalikuwepo tele. Maarifa ndiyo hayakuwepo, na yule aliyepaswa kuyaleta pamoja na ndege alikuwa Dar, bize.

Kila nilipopanda kumsalimia Mama nilikuta manyoya yamepungua. Ikafika mahali kifua chote kiko wazi, unamwona kama kuku aliyekwisha kutiwa maji ya moto. Nikampigia Eliya. "Ah, sista, hao ndege huwa wanabadilisha manyoya," akanijibu. Nani alimwambia? Hakuna. Alijisikia tu kusema.

Mama naye alikuwa na jibu lake. Amefuga kuku maisha yake yote, na kuku akinyonyoka manyoya ana utitiri. Utitiri una dawa. Nyumbani kulikuwa na dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kupe. Akaichanganya na maji, akachukua kitambaa, akamwogesha Tajiri kwa upole kama anavyoogeshwa mtoto mchanga.

Asubuhi ileile Mama akanipigia simu.

"Mwanangu, njoo. Nimeua kiumbe cha watu."

Niliacha gauni la mteja mezani, nikapanda Marangu na sindano zangu bado zimechomekwa kwenye kola.

Nilimkuta Tajiri amelala chini ya tundu, anatetemeka, mate yanamtoka. Mama amekaa kwenye kigoda pembeni yake. Mama yangu huyu aliyemzika mume wake bila kuyumba, alikuwa analia kwa sauti.

Nikampigia daktari wa mifugo tunayemfahamu pale mjini. Namshukuru kwa ukweli wake. Alisema, "Dada, mimi ni wa ng'ombe na kuku. Kwa sasa muogeshe hiyo dawa itoke kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, mkaushe, mpe joto, moshi hapana. Mimi namtafuta mwenzangu anayejua ndege." Tukafanya hivyo. Tukampasha joto sebuleni kwa chupa za maji moto tulizozifunga kwenye kanga.

Hakufa. Ila hakurudi pia, kama mnanielewa. Siku zilizofuata alisimama chini ya tundu, kijitini hapandi, chakula hagusi. Hata kumwita Neema aliacha. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko vyote. Kila mtu pale nyumbani alijua huyu anaondoka.

Ndipo Mama alipotoka nje, akaenda kwenye uzio, akarudi na sale.

Kwa wasio wa huku: sale ni yale majani marefu ya kijani mnayoyaona kwenye mipaka ya mashamba uchaggani. Ukimkosea mtu, unakata jani la sale, unalipiga fundo, unampelekea. Ni msamaha huo. Na anayepelekewa sale hakatai, hata kama ulimchomea nyumba. Wazee walimaliza ugomvi mzito kwa jani hilo.

Mama akalipiga fundo, akapiga magoti mbele ya tundu, akalipenyeza ndani.

Nikamwambia, "Mama, huyo ni ndege."

Akaniangalia. "Kwani ndege hakosewi?"



Tajiri alilitazama lile jani muda mrefu. Kisha akalishika kwa mguu, akaliuma, akaanza kulipasua. Kamba kamba, polepole, kutoka ncha mpaka kwenye fundo. Hakuwa anakula, alikuwa anachana na kudondosha. Alipomaliza Mama akakimbia uani akaleta jani kavu la mgomba, nalo akalichana. Mchana ule akapanda kijitini. Jioni akala punje za hindi bichi.

Mama akasema, "Amepokea." Akaenda kukamua ng'ombe huku anaimba.

Yule mtaalamu wa ndege alipopatikana kwenye simu nilimweleza yote, hata sale. Hakucheka. Alisema hawa ndege huko porini wanaishi kundini, na kutwa nzima kazi yao ni kuruka, kutafuna na kupasua. "Mlimweka peke yake kwenye tundu tupu. Akabakiwa na kitu kimoja tu cha kupasua, mwili wake."

Akatuambia pia tusimpe parachichi kabisa, kwake ni sumu. Parachichi! Kwetu zinaoza chini ya mti, na ni Mungu tu Mama hakuwahi kumpa.

Toka hapo maisha yake yakabadilika. Akahamia sebuleni dirishani, penye mwanga na hakuna moshi. Anapewa mapera, mahindi mabichi, majani ya mgomba ya kuchana. Mchana mlango wa tundu unafunguliwa, anatembea mezani Mama akichambua maharage na kumsimulia habari za usharika kwa Kichagga. Kifuani upara umebaki, manyoya hayakurudi yote. Lakini ameacha kujinyonyoa. Na fundo la sale haliondoki kwenye lile tundu, likichanwa Mama anaweka jingine.

Ikaja Krismasi iliyopita.

Eliya akapanda tena, safari hii na habari njema, kwa maoni yake. Tumekaa sebuleni baada ya chakula, akasema, "Mama, nimekutafutia nafuu. Kuna rafiki yangu ana baa Bomang'ombe, anamtaka Tajiri akae kaunta awachangamshe wateja. Kesho anakuja kumchukua. Wewe upumzike."

Mimi damu ilichemka. Baa! Muziki, moshi wa sigara, na walevi wa kumchokoa na vijiti mpaka usiku. Nilifungua mdomo, Mama akaniwekea mkono gotini. Nikaufunga.

Eliya akasogea kwenye tundu kumwangalia ndege, akaliona fundo. Anaishi Dar lakini ni Mchagga.

"Mama, hili sale la nini? Nani kakosana na nani?"

"Mimi nilimkosea huyu," Mama akajibu, mikono iko kwenye maharage.

Eliya akacheka. Mama hakucheka.

"Mimi nilimwogesha dawa ya ng'ombe kwa kutojua, baba. Nikamletea sale, akapokea. Wewe ulimchoka, ukamleta hapa, ukaniambia ni zawadi. Sasa unampeleka kwingine. Sale lako liko wapi?"

Hakupandisha sauti hata kidogo. Watoto waliacha simu zao. Wifi safari hii hakutafuta mlima, alimtazama mumewe.

Eliya akasimama, akatoka nje. Nilijua anakwenda kuwasha gari kwa hasira, namfahamu kaka yangu. Tukakaa. Gari halikuwaka.

Akarudi na jani la sale mkononi, viatu vyake vya mjini vimejaa tope la kihambani, kule kwenye migomba. Fundo alilipiga vibaya, inaonekana hajawahi. Akapiga magoti, akalipenyeza kwenye tundu.

Tajiri akamtazama kwa jicho moja, akamng'ata kidole, kisha akachukua jani. Mila inasema sale halikataliwi. Kuhusu kidole mila haijasema kitu.

Kidole kinavuja damu, Eliya akampigia mtu wa Bomang'ombe palepale, akamwambia asije. Tajiri akabaki.

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba kiumbe anateswa hata na watu wema, ikiwa hakuna aliyejishughulisha kujua anahitaji nini. Kabla ya kununua kasuku uliza anakula nini, nani atakaa naye mchana, na nani atabaki naye watoto wakishamchoka. Uliza pia kama sheria inakuruhusu kumfuga. Na ukimchoka, usimfunge utepe ukampelekea mama yako ukasema ni zawadi.

Wenye uzoefu na hawa ndege shusheni maarifa hapa, hasa jinsi ya kumpatia kampani bila kumwongezea shida. Wenye matusi kwa kaka yangu nawaomba mpunguze, ameshang'atwa.

Tajiri amerudia kuita, karibu kila asubuhi. "Neema! Neema, njoo!" Zamani alikuwa anaita, anasubiri, hakuna kitu. Siku hizi Mama akiwa kwa ng'ombe anaitikia kwa sauti, "Abee!" Anaacha alichoshika na kwenda.